Usambara: Mlima Usioeleweka Bila Nyika Yake

Barabara inayotoka Mombo kupanda Lushoto, katika milima ya Usambara kaskazini-mashariki mwa Tanzania, ni ya kilomita zipatazo 33 tu, lakini mtu anayeipanda kwa basi la asubuhi hupita nchi mbili. Mombo ni joto, vumbi, mibuyu na mashamba ya mkonge yaliyopandwa kwa mistari mirefu hadi upeo wa macho. Baada ya kona chache barabara hushika ubavu wa korongo, jabali upande mmoja na mto unaonguruma upande wa pili, na ikifika Soni, penye maporomoko ya maji, abiria huanza kufunga madirisha. Lushoto, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,400, wachuuzi huuza mapichi, matunda damu na karoti ambazo bado zina udongo, na jua likishazama kila mtu hutafuta sweta. Tofauti ya urefu kati ya miji hiyo miwili ni kama mita 1,000, na kwa kuwa hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda, ubaridi huo hauna siri yoyote. Kinachohitaji kufafanuliwa ni kwa nini nchi hizo mbili zimebanana kiasi hicho, na kubanana kwake kumewafanyia nini watu waliokaa hapo kwa karne nyingi.

Wengi wanaoandika habari za Usambara huanzia juu, kwenye misitu, maua na mandhari. Nadhani kuanzia huko ndiko kunakoifanya historia yake ionekane kama rundo la habari zisizohusiana, mara wafalme, mara reli, mara vinyonga. Usambara huanza kueleweka pale mtu anapoutazama ukingo wenyewe, yaani ule mstari ambapo mlima unakatika ghafla na nyika kuanza, kwa sababu mvua, vijiji, ufalme, biashara na hata ugomvi wa ardhi vilipata sura yake kutokana na ukaribu wa juu na chini.

Wenyeji waliliweka jambo hilo katika majina. Kwa Kishambaa nchi ya juu ni Shambaai na nchi ya chini ni nyika, na maneno hayo hayataji urefu peke yake. Shambaai ni mahali panapostawi mimea ya mlimani, penye migomba, ubaridi na maji, mahali ambapo mtu huhesabu kuwa yuko kwao. Nyika ni nchi ya mimea mingine, nchi ya joto, ya homa, ya wanyama wakali na, katika nyakati fulani, ya wavamizi. Upande wa mashariki, kati ya milima na bahari, iko nchi ya Wabondei, ambao jina lao limetokana na bonde. Waswahili wa pwani walilichukua jina la nchi ya juu, wakaliwekea ile U- ya nchi kama walivyofanya kwa Uzigua na Unyamwezi, likawa Usambara. Ramani ya zamani ya eneo hili ilichorwa kwa mwinuko, na mtu aliyetaja kwao alikuwa ametaja pia hali ya hewa ya kwao, chakula chao na hatari zao.

Sasa tuitazame milima yenyewe. Usambara si volkano, na hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu watu wa Afrika Mashariki tumezoea kuufikiria mlima kama Kilimanjaro, yaani mrundikano wa lava uliotoka ardhini na kuacha udongo mweusi wenye rutuba. Kilimanjaro, ambao uko kama kilomita 200 kaskazini-magharibi mwa Lushoto, ni mlima mchanga ambao haujafikisha miaka milioni tatu. Miamba ya Usambara ilipikwa na kukandamizwa chini sana ardhini zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kisha, katika kipindi kinachokadiriwa kuwa kimeanza si chini ya miaka milioni 30 iliyopita, mapande makubwa ya miamba hiyo yaliinuliwa kando ya nyufa za ardhi huku sehemu za jirani zikibaki chini au kudidimia. Ndiyo maana ukingo wake ni wima namna ile. Mlima wa volkano hupanda kwa mteremko kutoka mbali. Usambara umepanda kama meza iliyosukumwa juu kutoka sakafuni, na ukishafika juu unakuta vilima, mabonde na makorongo ya ndani ambayo ukiwa chini huwezi kuyakisia.

Mapande hayo ni mawili. Usambara Magharibi ndiyo kubwa na ndefu zaidi, yenye Lushoto, Mlalo, Bumbuli na Mtae, na vilele vyake hufika takriban mita 2,300. Usambara Mashariki, yenye Amani, ni ya chini zaidi, kwani sehemu yake ya juu kabisa inazidi mita 1,500 kidogo tu, lakini iko karibu zaidi na bahari. Kati yake limelala bonde la mto Lwengera, unaoteremka kuingia mto Pangani. Yote mawili ni sehemu ya Tao la Mashariki, mfuatano wa safu 13 za milima ya kale unaoanza Taita nchini Kenya, ukapita Upare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru, Uluguru na nyinginezo hadi Udzungwa na Mahenge. Ukizitazama safu hizo kutoka angani zinafanana na visiwa: vilele vya kijani kibichi vilivyotengwa na nyika kavu. Kufananisha na visiwa kuna maana halisi kwa viumbe wanaoishi juu yake, kama tutakavyoona.

Mvua ya Usambara hutoka Bahari ya Hindi. Upepo wa kusi na upepo wa kaskazi hubeba unyevu kutoka baharini, hupita juu ya nchi ya chini karibu bila kizuizi, kisha hugonga ukuta wa milima na kulazimika kupanda. Hewa inayopanda hupoa, na hewa iliyopoa haiwezi kushika unyevu wote iliokuja nao, hivyo huumwaga. Amani hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka, na hata katika miezi isiyo ya masika wala ya vuli kuna ukungu unaoning'inia msituni na kudondoka kutoka kwenye majani kana kwamba miti yenyewe inatoa maji. Hewa ikishavuka milima na kuteremka upande wa pili huwa imekwisha kuacha mzigo wake, na ndiyo maana nyika ya Mkomazi, iliyo chini ya ukuta wa magharibi, inaweza kumaliza mwaka mzima bila kufikisha hata nusu ya kiasi hicho. Ukame wa nyika na unyevu wa mlima ni matokeo ya upepo uleule.

Kwa kuwa bahari haikukauka hata katika zile enzi za barafu ambapo sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa kavu kuliko leo, misitu ya milima hii iliendelea kupata ukungu na mvua wakati misitu ya kwingine ikinyauka na kusinyaa. Viumbe waliokuwa wameenea bara zima walibaki hapa, kila kundi kwenye safu yake, nyika ikiwazuia kuvuka. Baada ya muda mrefu wa kutengana wakawa jamii tofauti. Vinyonga wenye pembe mbili puani ni mfano mzuri: kwa miaka mingi wataalamu waliwahesabu wote wa milima hii kuwa jamii moja, lakini uchunguzi wa karibu ulionyesha kwamba wa Usambara Magharibi na wa Usambara Mashariki si wamoja, ingawa milima hiyo miwili hutazamana kuvuka bonde moja tu. Yuko pia bundi wa Usambara, ndege mkubwa wa usiku, na ndege mdogo mwenye mdomo mrefu ambaye jina lake la kisayansi linamkumbuka Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi Amani.

Kiumbe wa Usambara aliyesafiri mbali kuliko wote, hata hivyo, ni ua. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani katika eneo la Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani mmea mdogo aliouona huku, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akaueleza kisayansi na kuupa jina la Saintpaulia. Leo uzao wake uko kwenye vibweta vya madirisha duniani kote, na Wajerumani bado wanauita kwa jina la Usambara. Ukiuona kwao, lakini, utashangaa jinsi ulivyo mnyenyekevu. Huota kwenye uso wa mwamba wenye kivuli, mara nyingi karibu na kijito, ukishikilia utando mwembamba wa kuvumwani na udongo usiozidi unene wa kidole. Majani yake yamejaa vinyweleo vinavyoshika matone ya ukungu, na maua yake ya buluu ya zambarau ni madogo kuliko yale ya madukani. Mti mmoja mkubwa ukikatwa juu yake, jua hupiga ule mwamba moja kwa moja, utando hukauka, na kundi zima hufa. Mimea ya aina hii haina mahali pa kukimbilia, kwa sababu mwamba wa jirani wenye kivuli kama hicho unaweza kuwa ng'ambo ya bonde.

Wajerumani walijifunza jambo la pili kuhusu misitu hiyo kwa hasara. Walipoyaona mapori mazito ya Usambara Mashariki walidhani kwamba udongo unaootesha miti mikubwa namna ile lazima uwe na rutuba nyingi, wakafyeka na kupanda kahawa katika miaka ya 1890. Kahawa ilianza vizuri kisha ikadhoofika, na mashamba mengi yakashindwa. Sababu yake ni ile ile ya miamba na mvua. Udongo mwekundu uliotokana na miamba ya kale, ukioshwa na mvua kubwa kwa mamilioni ya miaka, umekwisha kupoteza sehemu kubwa ya virutubisho vyake. Rutuba iliyobaki iko ndani ya miti yenyewe na katika majani yanayooza juu ya ardhi, ikizunguka kutoka jani hadi mzizi bila kukaa udongoni kwa muda mrefu. Ukiondoa msitu umeondoa na ghala. Taasisi ya utafiti wa kilimo na biolojia iliyoanzishwa Amani mwaka 1902, ambayo ilikuwa miongoni mwa taasisi mashuhuri za aina yake katika Afrika ya wakati ule, ilikuja kufanya majaribio ya mimea mingi iliyoletwa kutoka mabara mengine, na baadhi yake bado inasimama katika bustani yake. Mmoja wa miti iliyoletwa baadaye, Maesopsis eminii, umeenea ndani ya msitu wa asili kiasi cha kuwa tatizo lenyewe. Chai ndiyo iliyodumu badala ya kahawa.

Wakulima wa Kishambaa walikuwa wamekwisha kulielewa suala hilo kwa njia yao, na ushahidi uko mahali walipojenga. Vijiji vingi vya zamani vya Usambara Magharibi viliwekwa karibu na ukingo, si katikati ya mlima wala chini kabisa. Kutoka hapo mtu aliweza kuwa na migomba yake karibu na nyumba, mahali penye unyevu wa uhakika, na wakati huohuo akateremka kwa miguu kulima nafaka kwenye miteremko ya chini inayopata joto, kuwinda, na kukusanya vitu vya nyika visivyopatikana juu. Mvua za juu na za chini haziji kwa kipimo kimoja, na mazao ya pande hizo mbili hayaivi kwa wakati mmoja. Mwaka ulioharibika upande mmoja uliweza kuokolewa na upande wa pili. Kijiji cha ukingoni kilikuwa bima ya chakula, na naona hiyo ni hekima ya jiografia ambayo wapangaji wa kilimo waliokuja baadaye waliipuuza kabisa.

Hata simulizi ya kuanza kwa ufalme imejengwa juu ya wazo hilo. Mbegha, kwa mujibu wa mapokeo, alikuwa mtu wa Nguu, aliyezaliwa kigego, yaani aliyeota meno ya juu kwanza, jambo lililohesabiwa kuwa la kisirani. Jamaa zake walimnyima urithi, naye akaondoka na mbwa wake, akawa mwindaji wa nguruwe mwitu porini. Alipofika milimani aliwapa watu nyama, nao wakampa vyakula vya shambani. Akawaondolea nguruwe waliokuwa wakiwamalizia mazao, akasuluhisha magomvi yao, na usiku mmoja akiwa Vugha, palipokuja kuwa makao ya wafalme, akaua simba, na asubuhi wakamfanya mfalme. Mtu anaweza kubishana kuhusu ni kiasi gani cha simulizi hiyo kilitokea kweli, lakini muundo wake uko wazi: nyama ya nyika inakutana na ndizi za mlima, mtu wa porini anakuwa mwenye nchi, na ufalme unazaliwa katika mabadilishano ya pande mbili. Mapokeo hayo na habari za kizazi chake, Wakilindi, yaliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, aliyewaona kwa macho watu wengi wa mwisho wa ufalme huo, na maandishi yake, Habari za Wakilindi, yalianza kuchapishwa mwishoni mwa karne ya 19. Kwamba historia ya ufalme wa bara iliandikwa mapema namna hiyo kwa Kiswahili, na kwa mkono wa mtu aliyeishi humo, ni hazina ambayo haitajwi inavyostahili.

Wakilindi walitawala kwa ndoa kama walivyotawala kwa nguvu. Mfalme alioa katika koo za wilaya mbalimbali, kisha akawatuma wanawe kuwa machifu kwa wajomba zao, hivyo mtawala aliyefika kijijini hakuwa mgeni mtupu bali mtoto wa dada. Mfalme wa Vugha aliaminika kushika mvua. Kishambaa kina maneno mawili yanayobeba falsafa nzima ya utawala huo: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu nchi. Mfalme mmoja mwenye nguvu zisizopingwa aliiponya nchi, na mvua ikanyesha. Wenye nguvu wawili waliokabiliana waliiharibu, na njaa ikaja. Tukiitazama dhana hiyo kwa utulivu haina uhusiano na ushirikina peke yake. Machifu wakipigana watu hukimbia mashamba, njia za kuteremka nyikani hufungwa, ghala huporwa, na ile bima ya ukingoni huvunjika. Njaa ya vita huja hata mvua ikinyesha vizuri.

Ufalme ulifikia upeo wake chini ya Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala tangu karibu mwaka 1815 hadi 1862. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Vugha mwaka 1848 na kurudi 1852, na wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke wakafika 1857, wote wakikuta mfalme mzee ambaye amri yake ilishuka hadi pwani. Katika miji ya mwambao mkabala na milima, utawala ulikuwa wa namna mbili kwa wakati mmoja: wakubwa wa miji walitambuliwa na Kimweri na pia na Sultani wa Zanzibar, bila mmoja kumfukuza mwingine. Mlima ulitoa chakula na watu, pwani ikatoa nguo, shanga na bidhaa nyingine, na mpaka kati yao ulikuwa mlango.

Mlango huo ndio uliouvunja ufalme. Biashara ya misafara ilipokua katika bonde la Pangani, bunduki na baruti zilipita chini, si juu. Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri, alikuwa chifu wa Mazinde, akaona mapema kuliko ndugu zake kwamba atakayekaa njiani ndiye atakayepata silaha. Mtu anayesimama leo kwenye jabali la Irente, nje kidogo ya Lushoto, anaitazama Mazinde chini ya miguu yake, karibu mita 1,000 chini, na akiwa na akili ya historia anaweza kuona pale pale kwa nini mfalme wa juu alishindwa. Vugha ilikuwa na heshima, mitambiko na mvua. Mazinde ilikuwa na barabara. Kimweri alipofariki mwaka 1862 kiti kilikwenda kwa mjukuu wake Shekulwavu, na baada ya miaka michache Semboja akaitia Vugha vitani akisaidiwa na washirika kutoka nje ya milima, huku Wabondei wakijitoa kwenye utawala wa Wakilindi kwa uasi wao. Cha ajabu, aliposhinda hakuhamia Vugha. Alimweka huko mwanawe, Kimweri Maguvu, yeye akabaki Mazinde karibu na misafara. Vita vilivyofuata vilidumu miaka mingi, na watu wa pande zote walitekwa na kuuzwa kama watumwa kuelekea pwani. Hiyo ndiyo kubana shi kwa maana kamili ya maneno hayo, na makovu yake yamo katika kumbukumbu za koo nyingi hadi sasa.

Wajerumani walipoingia walifuata mantiki ileile ya kutawala juu na kusafirisha chini. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893 na ikafika Mombo mwaka 1905, ikikumbatia mguu wa milima. Nyikani wakapanda mkonge, ambao Richard Hindorf aliuingiza nchini mwaka 1893. Juu wakaweka makazi na mji wa Wilhelmstal, ambao sasa ndio Lushoto, na wamisionari wa Kilutheri walikuwa wamekwisha kufika Mlalo tangu 1891. Mputa, mrithi wa nyumba ya Semboja, alinyongwa na utawala huo mwaka 1895. Mfano ulio wazi kuliko yote wa jinsi ukingo ulivyotumiwa ni njia ya nyaya iliyojengwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kutoka misitu ya Shume hadi Mkumbara, kwenye reli. Magogo ya mwangati, mti wenye harufu nzuri na mbao zisizoliwa na mchwa, yalining'inizwa kwenye waya na kuteremshwa juu ya genge moja kwa moja hadi nyikani. Kazi ambayo maji na miguu ya watu iliifanya kwa karne nyingi ilifanywa sasa na chuma, tena kwa kasi ambayo msitu haukuweza kuifuata.

Nafasi hainiruhusu kueleza jamii zote za milima hii, lakini Wambugu hawawezi kupitwa kimya. Ni wafugaji waliotokea upande wa Upare na kukaa kwenye sehemu za juu na za baridi, karibu na misitu, ambako ng'ombe walipata malisho. Lugha yao ya ndani, Ma'a, ni mojawapo ya lugha zinazojadiliwa sana na wanaisimu duniani, kwa sababu viambishi vyake vya ngeli na vya vitenzi ni vya Kibantu, vinavyokaribiana sana na vya Kipare, ilhali maneno yake mengi ya msingi yana asili ya Kikushi. Jaribu kuwazia sentensi ambayo ina-, wa- na -ki- zake zote ni za kwenu, lakini mzizi wa kila neno unatoka kwa watu wa mbali kama Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi. Wambugu hao hao wana pia Kimbugu cha kawaida ambacho ni cha Kibantu kwa maneno na kwa sarufi, na mtu mmoja huzungumza vyote viwili. Lugha ya namna hiyo haizaliwi kwa bahati. Inaelekea ni jitihada ya watu waliochukua sarufi ya majirani zao lakini wakakataa kuachia msamiati uliowatambulisha. Mlima uliwapa mahali pa kukaa peke yao bila kukaa mbali na wengine.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walitazama miteremko iliyolimwa ya Mlalo, wakaona udongo ukiteremka na mvua, na mwaka 1946 wakaanzisha mpango wa kuuokoa, ambao baadaye ulipanuliwa Usambara nzima. Wakulima walilazimishwa kulima matuta, na miteremko mikali ikawekewa makatazo. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli, sina shaka na hilo. Lakini matuta yalikuwa kazi nzito iliyowaangukia zaidi wanawake, waliokuwa tayari na kazi ya chakula, na amri ilitekelezwa na machifu walioonekana sasa kuwa watu wa serikali. Wengi walihofu pia kwamba shamba lililotengenezwa kwa amri lingeishia kuchukuliwa. Upinzani ulijieleza kwa lugha ya zamani: nchi inayolazimishwa haiponi. Mwaka 1957 mpango uliachwa. Kuanzia 1981 mradi mwingine wa hifadhi ya udongo ulirudi wilayani Lushoto na mbinu zinazofanana kwa kiasi fulani, makinga maji, majani ya mifugo yanayopandwa kwa mistari ya kontua, na miti kati ya mazao, lakini kwa kushawishi badala ya kushurutisha, na mistari hiyo ya majani inaonekana katika mashamba mengi hadi leo.

Shinikizo lenyewe halijapungua. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wanaokaribia nusu milioni katika wilaya ya Lushoto, na mtoto anayerithi shamba la baba hupata kipande cha kipande. Mabonde ya ndani yamegeuzwa bustani za kabichi, nyanya, viazi na pilipili hoho, ambazo hupakiwa kwenye malori alasiri ili ziwahi masoko ya Dar es Salaam alfajiri. Katika Tao zima la Mashariki zaidi ya theluthi mbili ya msitu wa asili imekwisha kuondoka, na kilichobaki Usambara kiko hasa ndani ya hifadhi kama Amani, iliyotangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, Magamba juu ya Lushoto, na Mazumbai, msitu unaotunzwa na Chuo Kikuu cha Sokoine. Kuunganisha mabaki hayo kuna gharama ambayo haiangukii wote sawa. Katika ushoroba wa Derema, Usambara Mashariki, wakulima waliokuwa wakilima iliki chini ya kivuli cha miti mikubwa walilipwa fidia na kutakiwa kuacha mashamba yao ili vipande vya msitu viunganike. Iliki huzaa kwa miaka mingi na huuzwa ikiwa kavu na nyepesi, mzigo unaobebeka kwa kichwa kwenye njia za mlimani, na aliyeipoteza hakuweza kuibadilisha kirahisi kwa zao jingine la thamani hiyo. Nayaona madai ya msitu kuwa ya haki, na ya wakulima wale pia.

Wakati huohuo, mto Zigi unaendelea kukusanya maji ya Usambara Mashariki, kijito kwa kijito, kutoka kwenye miamba ile ile inakoota Saintpaulia, ukapita mashamba ya chai na ya viungo, ukashuka ukingo na kuingia bwawa la Mabayani. Humo ndimo jiji la Tanga linamochota maji yake. Mvua kubwa ikinyesha kwenye mteremko uliofyekwa upya, maji hufika bwawani yakiwa na rangi ya udongo wa mlimani, na mitambo ya kusafisha maji huanza na udongo huo kabla ya kitu kingine chochote.